Je, Ni Haki Kuwatengea Ndege na Wanyama Ardhi?



Katika mitaa ya Arusha na vijiji vya Meru liko swali ambalo huulizwa mara nyingi, ingawa haliulizwi kanisani. Huulizwa barazani, huulizwa matangani, na zaidi huulizwa pale ndugu wanapokutana kugawana kihamba cha marehemu baba yao. Babu alikuwa na ekari sita, baba akapata mbili, na leo wana watatu wanapimiana kwa kamba, kila mmoja akipata mahali pa kujenga nyumba na kupanda migomba michache. Ndipo mmoja wao huinua macho kuutazama mlima na kusema, "Na kule juu je? Ardhi yote ile wamepewa nyati?"

Hatudhani kwamba mtu huyo ni mjinga, wala kwamba hampendi Mungu. Swali lake ni swali la haki, na Mkristo hana ruhusa ya kulikimbia swali la haki kwa sababu tu jibu lake ni gumu. Tumeona vema tulitazame pamoja katika kurasa hizi.

Kwanza tukumbushane habari zenyewe. Mwaka 1960, mwaka mmoja kabla ya Uhuru, eneo la Ngurdoto lilifanywa hifadhi ya taifa. Mwaka 1967 sehemu ya Mlima Meru iliongezwa, na hifadhi ikapewa jina la Arusha. Baadaye msitu wa mlima nao uliingizwa, hata leo hifadhi nzima ina takriban kilometa za mraba 552. Humo mna mbega weusi wenye mikia myeupe, twiga, nyati, tembo, chui, na maziwa ya Momella yenye ndege wengi.

Lakini ndani ya hifadhi hiyo pana mahali pamoja pa kushangaza kuliko pengine pote, napo ni shimo la Ngurdoto lenyewe. Ni kreta ya volkeno iliyozimika, upana wake karibu kilometa 3, kuta zake zimejaa msitu, na chini yake kuna mbuga na vinamasi. Mgeni hufika ukingoni, husimama, hutazama, kisha hurudi. Hakuna mgeni anayeruhusiwa kushuka, hata awe tajiri namna gani. Watu wamekwisha kupanda Kilimanjaro, wamekwisha kuzamia baharini, hata mwezini wamefika. Lakini kwa shimo hili lililo karibu na nyumba zetu tumekubaliana kwamba tutatazama tu.

Miaka mingi iliyopita tuliwapeleka wanafunzi wa darasa la sita mpaka ukingoni hapo. Tulikuwa tumeandaa somo letu vizuri, na ubao mdogo tulikuwa nao. Nyati walionekana chini, wadogo kama mbegu za mpapai. Tukaeleza habari za volkeno, tukaeleza habari za msitu na mvua, tukauliza kama yuko mwenye swali. Kijana mmoja, ambaye kwao ni kijiji kinachopakana na hifadhi, akanyosha mkono.

"Mwalimu," akasema, "wenzao wale ndio waliomaliza mahindi ya mama. Kwa nini wao wana mahali pao ambapo sisi haturuhusiwi, lakini sisi hatuna mahali petu ambapo wao hawaruhusiwi?"

Wenzake walicheka. Sisi tukamjibu haraka kwamba wanyama wale ni mali ya taifa, na kwamba huliletea taifa fedha za kigeni. Yule kijana alinyamaza. Alinyamaza kwa adabu, siyo kwa kuridhika, na mwalimu yeyote aijua tofauti hiyo. Tangu siku ile tumekuwa na deni la jibu, na makala hii ni jaribio la kulilipa.

Tuanze na jibu tulilolitoa siku ile. Je, lilikuwa la uongo? Hapana. Watalii huleta fedha, na fedha hizo huajiri watu na kulipa kodi. Tena liko jambo kubwa kuliko fedha, nalo ni maji. Themi, Nduruma, Usa na mito mingine tunayoijua hupata maji yake katika Mlima Meru. Msitu hushika mvua na ukungu, huuacha udongo unywe polepole, na chemchemi hutoka hata wakati wa kiangazi. Anayeoga mjini asubuhi ameoga maji ya mlima, hata kama hajawahi kuukanyaga.

Sababu hizi ni za kweli, lakini peke yake hazitoshi. Kama tunamhifadhi heroe kwa kuwa analeta fedha, basi siku atakapotokea mtu na kitu chenye kuleta fedha zaidi, heroe hana mtetezi. Atakayekuja na hesabu kubwa ndiye atakayeshinda. Tena jibu hili humfundisha mtoto kwamba kila alichokiumba Mungu kina bei, na kisicho na bei ni takataka. Fundisho la namna hiyo likimwingia mtoto, ataanza na ndege na kumaliza na wazazi wake wazee.

Hebu tuyatazame maziwa ya Momella. Maji yake yana magadi. Hayanywewi na mtu, wala hayafai kumwagilia shamba. Kwa hesabu ya mkulima ni maji ya bure. Lakini katika magadi hayo huota mimea midogo sana isiyoonekana kwa macho, ambayo hulipa kila ziwa rangi yake, na heroe mdogo huinamisha kichwa, huchuja maji kwa mdomo wake, na hushiba. Mungu ameandaa meza mahali ambapo sisi hatukuona hata sahani. Basi ni nani aliyetupa mamlaka ya kusema kwamba mahali tusipopata chakula sisi hapana maana?

Hapa mtu atasema, "Lakini Mungu alimpa mwanadamu kutawala viumbe vyote." Ndivyo ilivyoandikwa katika Mwanzo 1. Lakini tuisome sura yote. Baraka ya kuzaa na kuongezeka walipewa samaki na ndege siku ya tano, kabla mwanadamu hajaumbwa. Sisi tuliipokea siku ya sita, na wao walikuwa nayo tayari. Tena katika Mwanzo 2:15 mtu anawekwa bustanini apate kuilima na kuitunza. Kazi ni mbili, na tumezoea kuikumbuka ya kwanza. Na katika bustani ile ile palikuwa na mti mmoja ambao mtu aliambiwa asile matunda yake. Mti ule ulikuwa katikati ya bustani, waonekana na kila mtu, wapendeza macho. Mtu hakunyimwa chakula, maana miti mingine yote alipewa. Alichofundishwa ni kwamba si kila anachoweza kukifikia ni chake.

Torati yote imejaa mafundisho ya jinsi hiyo. Mambo ya Walawi 25 yaamuru ardhi ipumzike mwaka wa saba. Mambo ya Walawi 23:22 yaamuru mvunaji asivune pembe za shamba, bali awaachie maskini na wageni. Kumbukumbu la Torati 22 yatoa amri ndogo ambayo wengi huipita wasomapo: ukikuta kiota njiani, na mama amelalia makinda au mayai, usimchukue mama pamoja na watoto. Katika kila amri hizo Mungu anamwekea mwenye nguvu mpaka ambao hakuna mtu mwingine angeweza kumwekea.

Wala wazee wetu hawakuwa wageni wa jambo hilo. Waarusha na Wamasai waliuheshimu mti wa oreteti, wakautumia kwa maombi, wala mtu hakuukata apate kuni. Hatusemi kwamba Mkristo akaabudu chini ya mkuyu. Twasema tu kwamba kabla ya Bwana Nyama wa kwanza kuvaa kofia yake, watu wa mlima huu walikwisha kujua kwamba pako mahali ambapo shoka halifiki.

Kwa hiyo jibu la sehemu ya kwanza ni hili: ndiyo, ni haki kutenga mahali kwa ajili ya viumbe wengine. Watu wasiokubali kujinyima mahali popote ni watu wasiojua kwamba wao si Mungu. Shimo la Ngurdoto ni kama mti ule wa katikati ya bustani. Kila mzazi anayempeleka mtoto wake ukingoni na kumwambia, "Hapa tunatazama tu, hatushuki," amemfundisha somo la kwanza la dini.

Lakini, wapendwa, tukiishia hapo tutakuwa tumemjibu mtalii, siyo yule kijana.

Biblia iyo hiyo ina habari ya bustani nyingine. Katika 1 Wafalme 21 mfalme Ahabu alilitamani shamba la mizabibu la Nabothi, lililokuwa karibu na jumba lake. Alitaka kulifanya bustani, na alikuwa tayari kutoa bei. Nabothi alikataa, kwa kuwa ulikuwa urithi wa baba zake. Mwisho wake twaujua: Nabothi aliuawa, na Mungu akamtuma Eliya. Bustani ya Ahabu ingeweza kuwa nzuri sana. Uzuri wake haungeondoa damu iliyokuwa katika udongo wake.

Wazee wa Meru hawahitaji kuelezwa habari ya Nabothi. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Ngare Nanyuki, nyumba zao zikachomwa moto, ili ardhi ipewe wafugaji wa Kizungu. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alisafiri hadi New York, akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa kuwasemea watu wake. Ni kweli kwamba ardhi ile haikutwaliwa kwa ajili ya wanyama wa porini, wala si vema kuchanganya mambo mawili. Lakini maneno waliyoambiwa watu yalikuwa yale yale: kwamba yuko mwingine atakayeitumia ardhi yenu vizuri kuliko ninyi. Mtu aliyewahi kuambiwa hivyo, au ambaye babu yake aliambiwa hivyo, akisikia neno "kutenga" huangalia kwanza ni nani anayetengwa. Tusimlaumu.

Tuipime basi tofauti kati ya mti wa katikati ya bustani na shamba la Nabothi, maana kwa nje vinafanana: katika yote mawili yuko mtu anayezuiwa.

Twadhani tofauti yake ni ile ile iliyopo kati ya kufunga na kunyimwa. Wakati wa Kwaresima mtu anayefunga ana tumbo tupu. Mtu aliyenyang'anywa chakula chake naye ana tumbo tupu. Daktari akiwapima hataona tofauti, Mungu anaiona. Kufunga ni sadaka, kwa sababu anayejizuia ndiye anayetoa. Lakini mtu akimfungia jirani yake ghala la chakula, kisha akasimama kanisani kuushukuru mfungo, amekufuru. Nabii Isaya, sura ya 58, aliwakemea watu waliofunga huku wakiwatesa watumishi wao, akawaambia kwamba mfungo anaoutaka Mungu ni kufungua vifungo vya uonevu na kumgawia mwenye njaa mkate.

Hifadhi ni mfungo wa taifa zima. Sote tumesema: hapa hatutalima, hapa hatutakata, hapa hatutawinda. Swali ni kama sote tunafunga kweli. Sisi wa mjini twapata maji ya mlima, twapata hewa yake, na jioni Meru inapotoka mawinguni twapata uzuri wake, na hatulipi hata punje ya hindi. Anayelala shambani na tochi na debe la kugonga ili kuwafukuza tembo na nyati ni yule mama wa mpakani. Mtoto anayesinzia darasani asubuhi kwa kuwa amekesha akilinda mahindi ni mtoto wake. Mfungo wetu sote anaufunga yeye, nasi tunajihesabia thawabu.

Serikali imeliona jambo hili. Kwa kanuni za mwaka 2011, aliyeharibiwa shamba na wanyama wakali aweza kupewa "kifuta jasho", na aliyejeruhiwa au kufiwa "kifuta machozi". Kanuni hizo zilipotungwa ziliweka shilingi 25,000 hadi 100,000 kwa ekari, kadiri shamba lilivyo mbali na mpaka, na shamba lililo chini ya mita 500 kutoka mpakani halikuwekewa kitu. Sababu ya mpango huo yaeleweka, maana sheria haipendi watu walime pale mnyama anapopita. Lakini na tuwe wakweli: aliye karibu zaidi na mzigo ndiye aliyepata kidogo zaidi. Na majina yenyewe yasema kweli. Kufuta jasho si kumrudishia mtu kile alichokitolea jasho.

Shirika la Hifadhi za Taifa nalo lina mpango uitwao Ujirani Mwema, ambao umesaidia vijiji kupata madarasa na zahanati. Jina hilo ni zuri, na Mkristo hulijua lilikotoka. Katika Luka 10 yule mwanasheria alimwuliza Bwana wetu jirani yake ni nani, na Bwana akamwonyesha Msamaria aliyetoa mafuta, divai, punda wake na fedha zake mwenyewe. Ujirani mwema una gharama, nayo hutoka katika mfuko wa anayejiita jirani.

Jambo moja zaidi latuonya. Ukingoni mwa Ngurdoto pana mahali panapoitwa kwa jina la kifaru. Zamani vifaru walionekana huko. Leo hawapo, majangili waliwamaliza. Mpaka ulikuwapo, katazo lilikuwapo, askari walikuwapo. Kilichokosekana ni kiasi katika mioyo ya watu wa mbali waliozitaka pembe na waliokuwa na fedha za kuzinunua. Kwa hiyo tusidhani kwamba adui wa hifadhi ni maskini aliyeokota kuni peke yake. Tamaa ya mwenye nacho hufika mbali kuliko shoka la asiye nacho.

Basi sisi waumini wa kawaida, tusiotunga sheria wala kulinda mipaka, tufanye nini? Katika Ushirika wetu wa Kianglikana zipo alama tano za utume wa Kanisa, na ya tano, iliyoongezwa mwaka 1990, yahusu kuulinda uumbaji. Twapendekeza mambo matatu.

La kwanza, tuwafundishe watoto nje ya darasa. Hatuna haja ya gari wala ya fedha nyingi. Ziwa Duluti liko Tengeru, karibu na barabara ya Moshi, na msitu wake mdogo umezungukwa na mashamba na nyumba za watu. Mtoto akae pale robo saa bila kusema neno, amtazame mdiria akiruka majini, amsikilize furukombe. Mbayuwayu wanaofika Oktoba kutoka Ulaya, na wanaorudi huko Machi au Aprili, waweza kutazamwa hata kutoka mlango wa kanisa. Bwana wetu alisema tuwatazame ndege wa angani, na padre John Stott wa London, aliyefariki mwaka 2011, aliichukua amri hiyo kama ilivyo, akaandika kitabu kizima kuhusu ndege kuwa walimu wetu. Klabu za Malihai, zilizoanzishwa nchini mwaka 1980, zimewasaidia walimu wengi. Shule zetu za Jumapili zaweza kujifunza kwao.

La pili, sisi wa mjini nasi tufunge kidogo. Anayetupa taka mtoni Themi, anayefyeka kingo za kijito apate mistari miwili ya mchicha, anayenunua mkaa bila kuuliza umetoka wapi, huyo hana kinywa cha kumwambia mama wa Ngare Nanyuki avumilie.

La tatu, na hili ndilo tunalolisahau, tuwe upande wa jirani. Mavuno ya mwenzetu yanapoliwa, kanisa lijue, kama linavyojua akifiwa. Tumsaidie kuandika taarifa yake na kuifikisha panapohusika. Sikukuu ya mavuno inapofika, fungu fulani la matoleo liende kwa wale ambao mavuno yao yamebaki tumboni mwa tembo. Hivyo ndivyo mfungo wa mmoja utakavyokuwa mfungo wa wote.

Yule kijana sasa ni mtu mzima, na pengine ana watoto wanaouliza maswali yake. Kama angetuuliza tena, tungemwambia hivi: Mwanangu, nyati wale wamepewa mahali pao na Mungu aliyekupa wewe mahali pako, na ni vema sisi wanadamu tuwe na mahali pa kutazama tu. Lakini mahindi ya mama yako ni deni letu sote, na siku ile ukingoni sisi tulikujibu kama watu wasiodaiwa. Utusamehe.

Mungu atupe moyo wa kujizuia wenyewe kabla ya kuwazuia wengine. Amina.